Mpanga milio wa studio naye ana jina: liandikwe kabla wimbo haujatoka

Goma, Bukavu, Butembo, Bunia au Lubumbashi, wimbo mpya siku hizi mara nyingi hauanzi na gitaa. Unaanza na kijana mmoja aliyekaa mbele ya ordinatere, kinanda kidogo mezani, ekuteri masikioni, na batri chini ya meza ikingojea umeme ukatike. Mwimbaji anafika, anamwimbia maneno mawili matatu na kumwambia anataka kitu cha kuchezesha watu. Saa chache baadaye biti iko tayari. Besi inatikisa ukuta, kuna mlio wa filimbi usiofanana na filimbi yoyote ya kijijini, na nyuma yake kuna kitu kama upepo ambacho hakuna anayejua kukiita jina. Mwimbaji anaingiza sauti yake, analipa dola chache kwa mkono au kwa simu, anaondoka na wimbo ndani ya kle USB.

Hapo ndipo habari ya yule kijana inapokwisha. Wimbo ukifika redioni, jina lake halitajwi. Ukifika YouTube, jina lake halipo, au limeandikwa vibaya chini kabisa. Ukipigwa katika harusi, katika baa na katika kampeni za uchaguzi, hapati hata franka moja. Na akikutana na mwimbaji njiani baada ya wimbo kupendwa, anaambiwa: "Ndugu, si nilikulipa?"

Jibu hilo linasikika kama la haki, lakini linachanganya vitu viwili: malipo ya siku ya kazi, na haki juu ya kazi yenyewe. Anayebeba mchanga analipwa siku yake, na nyumba inabaki ya mwenye nyumba. Aliyetunga sehemu ya wimbo ametoa kitu kingine, kitu kinachoweza kuendelea kuleta feza kila kinapopigwa. Mashariki mwa Congo kuna vijana wengi wanaoishi kwa kazi hii bila mwajiri wa kudumu, leo wanaitwa studio hii, kesho ile. Kama majina yao hayataandikwa, na kama karatasi haitasainiwa kabla wimbo haujatoka studio, watafanya kazi kubwa na kuzeeka mikono mitupu.

Kazi yenyewe ni ipi

Vijana wanamwita bitimeka. Wazee wa studio wanamwita arranjeri. Katika nchi ambako kazi hii ilianzia, alikuwa mtu anayeitwa studio kwa saa au kwa siku ili aitayarishe sintesaiza itoe mlio unaotakiwa, kisha akaenda zake. Kwa Kiswahili, jina la mpanga milio linamfaa.

Sintesaiza haina nyuzi wala ngozi. Ndani yake kuna umeme unaotetemeka. Mtetemo ukiwa wa haraka, mlio unakuwa wa juu. Ukiwa wa polepole, unakuwa wa chini. Kisha kuna kichujio kinachoondoa sehemu kali za mlio, kama kitambaa kinavyochuja maziwa. Tena kuna sehemu inayoamua kama mlio uanze ghafla kama ngoma iliyopigwa, au uje taratibu kama gari linalosikika kutoka mbali, na ukiisha, uishe vipi. Mpanga milio anashughulika na hayo yote kwa wakati mmoja, huku akisikiliza mwimbaji anataka nini na wimbo unahitaji nini. Mara nyingi vitu hivyo viwili havifanani, naye ndiye anayetafuta njia.

Mashine za kwanza za Mmarekani Robert Moog, katika miaka ya 1960, hazikuwa na kumbukumbu. Mlio uliunganishwa kwa waya, mmoja baada ya mwingine, na waya zikichomolewa mlio ulikuwa umepotea. Mwaka 1978 ilitoka sintesaiza Prophet-5, mojawapo ya zile za kwanza zilizoweza kuhifadhi milio iliyokwisha kutengenezwa na kuirudisha kwa kubonyeza kitufe. Leo mashine hizo zimeingia ndani ya programu za ordinatere kama FL Studio, ya kampuni ya Ubelgiji Image-Line, ambayo inatumiwa na vijana wengi wa Afrika. Vifaa vimebadilika, bei imeshuka, lakini sikio linalochagua mlio ni la mtu, na mtu huyo ana njaa kama wengine.

Walioanza kazi hii waliumia vilevile

Wengine wanadhani kulalamikia jina ni tabia ya studio maskini za Afrika. Historia inasema kitu kingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Los Angeles, watu wawili, Paul Beaver na Bernie Krause, walikuwa na Moog yao na waliitwa studio kwa studio. Mwaka 1967 waliionyesha katika tamasha la Monterey, California, na baada ya hapo wanamuziki wakubwa walitaka mlio huo katika diski zao. Mwaka 1969 George Harrison wa kundi la Beatles alitoa diski iitwayo Electronic Sound. Krause alisema kwamba upande mmoja wa diski ile ulikuwa kazi yake mwenyewe: majaribio aliyomwonyesha Harrison studioni, ambayo yalirekodiwa bila yeye kukubali. Jina lake lilikuwa limechapwa kwenye jalada kama msaidizi, kisha likafunikwa kwa rangi. Aliendelea kulisema jambo hilo miaka mingi baadaye. Ubishi wa namna hiyo hauna dawa diski ikiisha kutoka. Dawa yake iko kabla.

Mfano wa pili unatoka New York. Malcolm Cecil, Mwingereza, na Robert Margouleff, Mmarekani, walijenga sintesaiza kubwa kama chumba na kuiita TONTO. Mwaka 1971 walitoa diski yao, Zero Time. Stevie Wonder, kijana wa miaka 21 wakati huo, aliisikia na akaja kuwatafuta studioni. Matokeo yake ni diski 4 zilizotoka kati ya 1972 na 1974: Music of My Mind, Talking Book, Innervisions na Fulfillingness' First Finale. Wonder alitunga, aliimba na kupiga vinanda. Wale wawili walirekodi na kutengeneza milio ambayo yeye, asiyeona, aliielezea kwa maneno na kwa mikono. Kwa Innervisions walipata tuzo ya Grammy ya urekodi bora. Majina yao yaliandikwa kwenye majalada. Hata hivyo ushirikiano ule ulivunjika, na baadaye walilalamikia hadharani malipo na heshima waliyopewa. Jina kwenye jalada ni jambo la kwanza. Namna feza itakavyogawanywa ni jambo la pili, na lote mawili yanahitaji kuandikwa.

Kuna pia waliojua kujilinda mapema. Suzanne Ciani, mwanamke aliyefanya kazi New York katika miaka ya 1970, alikuwa na sintesaiza ya aina ya Buchla na kipaji cha kuifanya iige kitu chochote. Yeye ndiye aliyetengeneza ule mlio wa chupa ya Coca-Cola inayofunguliwa na kumiminwa, ambao ulisikika katika matangazo dunia nzima. Hakubaki kibarua wa kuitwa na kuachwa. Alianzisha kampuni yake, Ciani/Musica, mwaka 1974, na wateja walizungumza naye kama kampuni inavyozungumza na kampuni. Mlio wa sekunde chache uliuzwa kwa bei ya kazi yenye akili, si kwa bei ya sekunde.

Na kuna Steve Porcaro. Alikuwa mpiga vinanda na mpanga milio wa kundi la Toto, anayeitwa katika studio nyingi za Los Angeles. Katika matayarisho ya diski ya Thriller ya Michael Jackson, iliyotoka mwaka 1982, prodyuza Quincy Jones alisikia kwenye kaseti wimbo ambao Porcaro alikuwa ameutunga. Ukawa Human Nature, na maneno yakaandikwa upya na John Bettis. Porcaro aliandikwa kama mtunzi pamoja na Bettis. Mtu huyohuyo, studio zilezile, mashine zilezile: siku anapotengeneza mlio analipwa saa zake, siku anapotunga wimbo anakuwa mtunzi. Kilichotenganisha siku hizo mbili ni maandishi.

"Ni mashine inayofanya kazi"

Hoja inayosikika mara nyingi dhidi ya wapanga milio ni kwamba hawafanyi chochote. Milio imo tayari ndani ya programu, wao wanabonyeza tu.

Hoja hii ina umri mkubwa. Mwaka 1983 kampuni ya Japani Yamaha ilitoa sintesaiza DX7, iliyojengwa juu ya uvumbuzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ilikuwa na nguvu nyingi kwa bei ambayo mwanamuziki wa kawaida aliweza kuifikiria, na iliuzwa kwa maelfu na maelfu. Lakini kuitengenezea milio mipya kulikuwa kugumu sana, kiasi kwamba wanamuziki wengi walitumia ile iliyokuja na mashine. Ndiyo sababu kinanda kimoja laini, chenye mlio kama kengele, kilisikika katika nyimbo nyingi za mapenzi za miaka ile ya 1980. Watu walidhani ni mashine inayoimba. Kumbe milio ile ilitengenezwa na watu, wakiwemo Dave Bristow na Gary Leuenberger, ambao majina yao hayajulikani na wengi waliocheza na kulia kwa milio yao. Kila mlio "uliomo tayari" uliwekwa mle na mtu.

Halafu, kuchagua nako ni kazi. Wapishi wawili wakipewa mawese yaleyale, sombe ileile na samaki uleule, watu wanajua watakula kwa nani. Studio mbili za Bukavu zikiwa na programu moja, waimbaji wanajua ipi inayotoa biti inayokaa kichwani. Kama mashine ndiyo ingekuwa inafanya kazi, hakuna mwimbaji angepanda moto kutoka upande mmoja wa mji kwenda mwingine kumtafuta fundi fulani.

Ukweli lazima usemwe mzima. Kuna wapanga milio wanaochukua kipande cha muziki wa mtu mwingine kutoka intaneti, wanabadilisha mwendo kidogo na kukiuza kama chao. Kuna wanaouza biti moja kwa waimbaji wawili, na waimbaji hao wanakuja kugombana wimbo ukiisha kutoka. Kuna wanaochukua malipo ya kwanza na kuzima simu. Haki inayodaiwa hapa haiwezi kuwa ya upande mmoja. Karatasi inayomlinda fundi ndiyo hiyohiyo inayomfunga asiuze kitu kimoja mara mbili.

Kuna pia malalamiko ya wapiga ngoma, wapiga gitaa na wapiga tarumbeta, wanaosema ordinatere imewanyang'anya mkate. Nayo si mapya. Mwaka 1982, huko Uingereza, tawi la London la muungano wa wanamuziki lilipitisha azimio la kutaka sintesaiza na mashine za ngoma zipigwe marufuku, kwa kuogopa kazi za okestra. Marufuku haikufika popote. Kilichowasaidia wanamuziki wa kule ni kuhakikisha kila anayefanya kazi studioni, awe na fidla au na mashine, anaorodheshwa na kulipwa kwa kanuni. Mpiga gitaa wa Goma na mpanga milio wa Goma wanaweza kugombana juu ya nani anayeitwa studio. Wote wawili lakini wanaondoka studio bila jina, na hapo adui yao ni mmoja.

Paris wanasaini karatasi

Kwa wasanii wa Congo, Paris ilikuwa kwa miaka mingi studio ya pili. Huko ndiko soukous ya miaka ya 1980 ilikokutana na mashine za ngoma na sintesaiza. Ray Lema, Mkongomani aliyezaliwa mwaka 1946 na aliyefika Paris mwanzoni mwa miaka ile, aliingiza mashine hizo katika muziki wake bila kuona haya. Huko Paris vilevile, Jean-Philippe Rykiel, Mfaransa asiyeona, alitumia sintesaiza zake katika kupanga diski ya Soro ya Mmali Salif Keita, iliyotoka mwaka 1987; alifanya kazi hiyo pamoja na François Bréant, na majina yao yanajulikana hadi leo.

Mfano unaofundisha zaidi ni Wally Badarou, aliyezaliwa Paris mwaka 1955 na wazazi kutoka Benin. Hakuwa nyota wa jukwaani. Alikuwa mtu wa kuitwa: anakuja na sintesaiza yake, anafanya kazi na Grace Jones katika studio za Compass Point kule Bahamas, anafanya kazi na wengine wengi. Mwaka 1986 alikuwa prodyuza wa diski ya Fela Kuti, Teacher Don't Teach Me Nonsense. Kwa kundi la Waingereza Level 42 alipiga vinanda na kutengeneza milio bila kuwa mwanamemba wa kundi. Lakini pale alipotunga pamoja nao, aliandikwa kama mtunzi: Something About You na Lessons in Love, nyimbo zao mbili zilizojulikana sana, zina jina lake kati ya watunzi. Mtoto wa Kiafrika, mfanyakazi wa kuitwa, na jina lake liko kwenye hati ya wimbo. Haikuwa huruma ya mtu. Ulikuwa utaratibu.

Ufaransa ina kitu kimoja rahisi ambacho studio za mashariki mwa Congo zinaweza kukiiga bila msaada wa nje. Sheria ya huko ya tarehe 3 Julai 1985 ilitambua haki za wanaopiga na kuimba, mbali na haki za mtunzi. Kampuni ya wanamuziki iitwayo Spedidam, iliyoanzishwa mwaka 1959, inakusanya na kugawa feza hizo hata kwa wale ambao jina lao haliko mbele ya diski. Ili iwajue, inatumia karatasi ya mahudhurio. Siku ya kurekodi, kila mwanamuziki anaandika jina lake, chombo alichopiga na wimbo aliofanyia kazi, kisha anasaini. Karatasi moja tu. Miaka ikipita na wimbo ukipigwa redioni, karatasi hiyo inasema nani alikuwa chumbani.

Congo ina sheria, haina kaye

Congo haikosi sheria. Ordonansi-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi na haki zinazozifuata, zile za wapigaji na warekodi. Haikosi hata ofisi: SONECA ilikuwepo tangu mwaka 1969, na baadaye nafasi yake ilichukuliwa na SOCODA. Wasanii wamelalamika kwa miaka mingi juu ya namna feza zinavyokusanywa na kugawanywa, na malalamiko hayo yanastahili jibu la serikali.

Lakini hata kama ofisi hiyo ingeamka kesho asubuhi ikiwa na feza zote na nia njema yote, ingemlipa nani? Ingefungua orodha ya nyimbo za Goma na kukuta jina la mwimbaji peke yake. Mpanga milio hangekuwepo. Hakuna ofisi duniani inayoweza kumlipa mtu ambaye hakuandikwa popote.

Akina mama wa soko wanalijua jambo hili kuliko watu wa studio. Likelemba yao ina kaye. Ndani ya kaye kuna majina, tarehe na kiasi ambacho kila mmoja ametoa. Hawakungoja serikali iwaletee kaye hiyo. Na siku mmoja anapokana kwamba amepokea zamu yake, kaye inafunguliwa na maneno yanaisha.

Studio nayo inahitaji kaye yake. Kwa kila wimbo, ukurasa mmoja unatosha: jina la wimbo, tarehe, studio, majina ya wote waliofanya kazi kama yalivyo kwenye kadi zao za uchaguzi, na majina yao ya usanii, kila mmoja alifanya nini, amelipwa kiasi gani, jina lake litaandikwaje wimbo ukitoka, na nani anabaki na faili la kazi. Wote wanasaini. Kila mmoja anapiga picha ya ukurasa kwa simu yake.

Sehemu ngumu ni kugawa. Hapo kuna ngazi tatu ambazo watu wa kawaida wanaweza kuzielewa bila mwanasheria. Ngazi ya kwanza ni ya mpanga milio aliyerekodi na kusafisha sauti tu: analipwa kazi yake na jina lake linaandikwa. Ngazi ya pili ni ya yule aliyetengeneza milio na kupiga sehemu za vyombo juu ya wimbo ambao mwimbaji alikuja nao: huyo ni mpigaji, na aandikwe kama mpigaji, pamoja na haki zinazomfuata mpigaji. Ngazi ya tatu ni ya yule aliyetunga biti, besi na mwendo mzima wa muziki ambao mwimbaji aliweka maneno juu yake: huyo ni mtunzi pamoja na mwimbaji, na wapatane kabla ya kuanza kila mmoja ana sehemu ngapi kwa mia. Katika studio za leo, wengi wako katika ngazi ya tatu na wanalipwa chini ya ngazi ya kwanza.

Mwimbaji pia ana shida zake

Mwimbaji atasema: yeye ndiye anayelipa studio, video, nguo, safari na redio, na mara nyingi wimbo haurudishi hata nusu ya feza hizo. Ni kweli. Ndiyo maana mpango wa sehemu kwa mia ni mwepesi kwake kuliko kupandisha bei ya siku. Wimbo usipoingiza kitu, sehemu ya fundi ni sehemu ya hewa, na mwimbaji hajapoteza chochote. Wimbo ukiingiza, kuna cha kugawana. Anayekataa mpango huo anasema kwa maneno mengine kwamba hasara wagawane, faida ale peke yake.

Mwenye studio naye ataogopa: akianza kudai saini, waimbaji watahamia studio ya jirani isiyodai kitu. Woga huo una msingi, na dawa yake haiwezi kutoka kwa studio moja. Wapanga milio wa mji mmoja wanajuana. Wanaazimana vifaa, wanapigiana simu umeme ukikatika, wanafundishana programu. Wakipatana kutumia ukurasa mmoja wenye maneno yaleyale, mwimbaji hatakuwa na pa kukimbilia, na baada ya miezi michache ataona ni jambo la kawaida kama kulipa kabla ya kurekodi.

Redio pia zina sehemu yao. Mtangazaji anayetaja jina la mwimbaji anaweza kuongeza maneno mawili: nani alitengeneza muziki. Inachukua sekunde tatu. Na anayepandisha wimbo kwenye intaneti ana nafasi za kujaza majina ya watunzi na maprodyuza. Spotify ilianza kuwaonyesha wasikilizaji majina hayo mwaka 2018. Nafasi hizo zikiachwa wazi, lawama si ya mzungu aliyetengeneza jukwaa.

Vita vimeongeza sababu moja zaidi ya kufanya haraka. Tangu Goma na Bukavu ziangukie mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, watu wengi wa miji hiyo wametawanyika, na benki za Goma zilifunga milango. Mpanga milio anayekimbia anabeba watoto kwanza. Ordinatere inabaki nyuma, inaibwa au inauzwa kwa bei ya chakula. Kazi ya miaka mitano iliyokuwa ndani yake inapotea kwa siku moja. Akifika Bujumbura, Kampala au Kinshasa, atathibitisha vipi kwamba nyimbo zinazopigwa ndani ya basi alilopanda zilipita mikononi mwake? Picha ya ukurasa uliosainiwa, iliyobaki katika simu za watu wanne, haiibwi kwa urahisi.

Mashariki mwa Congo hakuna viwanda vingi vya kuwapa vijana kazi. Kuna vipaji, kuna ordinatere za mkopo, na kuna masikio yanayojua kinachochezesha watu. Kazi ya mpanga milio ni mojawapo ya chache ambazo kijana anaweza kuianza bila ruhusa ya mkubwa yeyote na bila kuchimba udongo. Itabaki kazi ya kweli kama jina la anayeifanya litabaki na wimbo wake. Kwa hilo, bajeti inayohitajika ni kaye moja na kalamu moja katika kila studio, na ujasiri wa kusema kabla ya kuwasha mashine: tusaini kwanza, tupige baadaye.